Barua Isiyo na Muhuri

Mwaka ule, kila asubuhi Khairiya alitafuta funguo za gari. Kila asubuhi alizikuta palepale juu ya friji, alipoziweka mwenyewe. Akishazipata alimwita binti yake Nuha, wakashuka ngazi, wakaenda kwa Bi Lubna.

Wao ni watu wa Zanzibar. Wanaishi Arlington, katika jimbo la Texas, kwenye nyumba za kupanga za ghorofa mbili. Mume wa Khairiya anaitwa Abdulhafidh. Anaendesha basi la abiria katika uwanja wa ndege, na hutoka nyumbani alfajiri. Khairiya anahudumia bibi mmoja mgonjwa, Jumamosi na Jumapili. Nuha wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja. Mtoto mpole, isipokuwa akiamshwa.

Bi Lubna ni mwalimu wa Kurani. Nuha alikuwa ameshahifadhi juzuu ishirini na nne, zikabaki sita. Mpaka Desemba alikuwa akihifadhi jioni, baada ya shule na baada ya kazi za shule, mpaka akawa anasinzia juu ya msahafu. Kwa mwendo ule angehitaji miaka miwili zaidi. Basi mwenyewe aliwaomba wazazi wake akae nyumbani kuanzia Januari mpaka Agosti. Amalize kuhifadhi, kisha arudi shule na wenzake. Wazazi walikubali. Walikuwa wamesikia kwamba Texas inaruhusu mtoto kusomea nyumbani. Lakini hawakuuliza sheria inataka nini, na hapo ndipo walipojitia matatani.

Tuanze na Khairiya. Alikwenda shuleni Desemba, siku ya mwisho kabla ya likizo, kumuaga mwalimu wa Nuha. Kwao mtu haondoki mahali bila kuaga. Alipika visheti, akavipanga kwenye kopo zuri, akamshika mwalimu mkono na kumshukuru kwa yote. Machozi yalimlenga. Mwalimu naye alifurahi, akamkumbatia. Alidhani ni zawadi ya sikukuu, kwa sababu siku ile wazazi wengi walileta zawadi. Khairiya alirudi nyumbani na moyo mweupe. Kwa hesabu yake, shule ilikuwa imeshaagwa.

Sasa Abdulhafidh. Yeye ni mtu wa karatasi, na hakuridhika na kuaga kwa mdomo. Alimpigia simu binamu yake Mansour, anayeishi Pennsylvania na kusomesha wanawe nyumbani. Mansour alimwambia kwamba mzazi huandika tamko, hulipeleka likagongwe muhuri, kisha huliwasilisha kwa wakubwa wa shule. Mwisho wa mwaka, mtu mwenye cheti hukagua kazi za mtoto. Mansour hakusema uongo. Alieleza mambo ya Pennsylvania.

Abdulhafidh aliandika barua fupi kwa Kiingereza, ya kumtoa Nuha shuleni. Kisha akaanza kutafuta muhuri. Alitafuta fomu ya serikali ya Texas kwenye mtandao, hakuiona. Alipiga simu ofisi moja, na mama aliyepokea akamwambia hakuna fomu ya namna hiyo. Abdulhafidh alimshukuru, akakata simu, akasema yule mama lazima ni mgeni kazini. Haiwezekani serikali ikose fomu. Alikwenda hata benki, kwa mtu anayegonga muhuri karatasi za kiapo. Yule bwana aliisoma barua akamwambia haihitaji muhuri wake. Basi Abdulhafidh akairudisha barua mkobani, ingoje mpaka muhuri upatikane.

Januari ikaingia na shule ikafunguliwa. Nuha akawa kwa Bi Lubna kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Mchana alipumzika, akamsaidia mama yake jikoni, akatazama katuni. Kila jioni simu ya Khairiya ililia. Akipokea, ilikuwa sauti ya mashine. Khairiya aliikata kabla haijafika popote, maana simu za mashine anazijua, zote huuza bima ya gari. Hizi hazikuwa za bima. Ilikuwa shule, ikimwambia kwamba mtoto wake hakuonekana darasani.

Jumatano ya wiki ya pili ilikuja barua kwa posta. Khairiya alimpa Nuha aisome, kwa kuwa Nuha ndiye hodari wa Kiingereza katika nyumba ile. Mtoto alisoma mstari wa kwanza, akainua macho. Mama akamwambia aendelee. Barua ilisema Nuha amekosa shule siku tano mfululizo bila sababu inayojulikana. Ilisema siku hizo zikifika kumi ndani ya miezi sita, suala litakwenda mahakamani, na mzazi naye anaweza kushtakiwa.

"Mama, wanasema mimi ni mtoro?" Nuha aliuliza.

Khairiya alihesabu kwa vidole. Barua iliandikwa Ijumaa. Jumatatu, Jumanne, na leo Jumatano. Siku nane. Aliogopa mahakama, na aliogopa zaidi kwamba Nuha atarudishwa shule kesho yake na zile juzuu sita zitabaki hivyohivyo. Hakuweza kumweleza mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Alichukua ile barua, akateremka ngazi, akagonga mlango wa Marguerite.

Marguerite ni Mkongomani wa Uvira. Yeye na mumewe Wilondja hufanya kazi kwenye maghala ya Fort Worth, kwa zamu. Khairiya alimfahamu kwenye chumba cha kufulia nguo, pale ambapo wapangaji wote hufahamiana, wapende wasipende. Marguerite alikuwa akimsomesha binti yake Carmel nyumbani, mwaka wa tatu ule. Kabla ya kuanza alikaa maktaba siku nzima na mkutubi, akauliza kila kitu mara mbili. Hana haya ya kuuliza, na hilo limemsaidia zaidi kuliko cheti.

Aliisoma barua amesimama. Akauliza kama shule ilipewa maandishi yoyote. Khairiya akaeleza habari ya visheti. Marguerite alimtazama, akajizuia asicheke, akashindwa. Kisha akaomba radhi. Akaeleza kwamba hapa wanaita ku-withdraw, yaani kumtoa mtoto kwenye orodha ya shule, na jambo hilo hufanywa kwa maandishi. Mpaka maandishi yafike, jina la mtoto limo kwenye orodha, na kila asubuhi linaitwa na hakuna anayeitika.

Khairiya alisema barua imo mkobani mwa mumewe, inangoja muhuri.

"Muhuri wa nani?" aliuliza Marguerite.

Marguerite akasema atapanda juu Baba Nuha akirudi.

Abdulhafidh alirudi saa tisa na nusu. Aliisoma barua ya shule, akakaa kitako. Hata hivyo hakukubali kupeleka barua yake ilivyo. Marguerite alimwuliza kwa nini.

"Mama Carmel, mie nilipoteza mwaka mzima kwa muhuri," alisema. "Tulihama Wete kwenda Unguja, nina miaka kumi na mitatu. Barua ya uhamisho ninayo, imesainiwa, lakini haijagongwa. Mwalimu mkuu kasafiri na ufunguo wa kabati. Shule mpya ikanikataa. Nikakaa kizingitini mwaka mzima, nawaangalia wenzangu wanapita na madaftari. Simfanyii mwanangu hivyo."

Khairiya hakuwahi kuisikia habari ile, na ameolewa miaka kumi na minne. Alimwonea huruma mumewe, na hasira aliyokuwa nayo kwa ajili ya ule mkoba ikapungua.

"Pole, Baba Nuha," Marguerite alisema. "Kwetu Uvira ni vile vile. Karatasi haina kashe, yaani muhuri, ni ya kufungia karanga. Lakini Texas haiko hivyo. Hapa mzazi anasaini, inatosha."

Akawaeleza polepole. Katika nchi hii kila jimbo lina sheria yake ya shule, na ya Pennsylvania haivuki mpaka kuja Texas. Texas inataka mtoto asome tangu miaka sita mpaka atimize kumi na tisa. Lakini nyumba inayofundisha kwa dhati inahesabiwa kama shule ya binafsi. Mzazi haombi kibali na hajiandikishi popote serikalini. Mtoto halazimiki kufanya mitihani ya serikali. Kama alikuwa shule ya umma, mzazi huandika barua au barua pepe kwa shule, anataja jina la mtoto na tarehe ya kuanza kusomea nyumbani, anasaini. Shule inaweza kumwomba athibitishe kwa maandishi kwamba atafundisha yale ambayo sheria inataka. Anawathibitishia, basi, imekwisha.

Abdulhafidh alishusha pumzi. Akaitoa barua mkobani, akatafuta kalamu. Lakini Marguerite alikuwa hajamaliza.

Akauliza sheria inataka yapi, kisha akajibu mwenyewe, kwa sababu walikuwa wanamtazama tu. Masomo matano. Kusoma, kuandika maneno bila makosa, sarufi, hesabu, na uraia mwema. Yafundishwe kwa vitu vinavyoonekana, kama vitabu, madaftari au video. Na yafundishwe kweli, isiwe kisingizio.

"Sasa Nuha anasoma nini hapa nyumbani?" aliuliza.

"Kurani, kwa Bi Lubna," alisema Khairiya.

"Vizuri sana. Na hesabu?"

Khairiya alitazama meza. Nuha, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, alijibu kwa Kiingereza kwamba hesabu hajafanya tangu Desemba.

Marguerite alisema hakuna anayewakataza dini. Wamfundishe watakavyo, na ni haki yao. Lakini dini haishiki nafasi ya yale matano. Anayeandika kwamba anafundisha hesabu, na hafundishi, amesaini uongo.

Abdulhafidh aliiweka kalamu chini. Kumbe saini yake ilikuwa nzito kuliko muhuri alioutafuta wiki mbili. Muhuri ungemtupia mtu mwingine lawama. Saini ni ya kwake.

"Siandiki neno nisilolifanya," alisema. "Khairiya, tukianza kesho, nasaini kesho. Tusipoanza, Ijumaa mtoto arudi shule."

Kesho ilikuwa siku ya tisa. Khairiya alijua mume wake hatanii. Akasema neno alilolificha tangu Desemba, kwamba yeye aliishia kidato cha pili, na hesabu ndiyo iliyomkimbiza. Nani atamfundisha mtoto?

"Sheria haikuulizi cheti cha mwalimu, Mama Nuha," alisema Marguerite. "Inakuuliza kama kazi inafanyika. Kidato cha pili na mtoto wa darasa la tano, unamzidi. Pale usipojua, fungueni kitabu pamoja."

Alishuka kwake, akarudi na sanduku la vitabu alivyovimaliza Carmel. Kulikuwa na vitabu viwili vya hesabu, kimoja cha sarufi, kimoja cha maneno ya kuandika, na kimoja chembamba juu ya serikali, sheria na wajibu wa raia. Akawaonesha jinsi anavyoandika kazi kwenye daftari, kila siku na tarehe yake. Alisema sheria haitaji saa wala siku, na haidai daftari. Yeye huliweka kwa faida ya mtoto, na kwa siku ambayo mtoto atarudi shule. Kisha akaenda kulala kidogo kabla ya zamu yake.

Jioni ile Khairiya alisoma kurasa kumi za kitabu cha hesabu peke yake, midomo ikimchezacheza. Hesabu za sehemu. Hizo hizo zilizomtoa jasho Zanzibar.

Alhamisi, Nuha aliporudi kutoka kwa Bi Lubna, alikuta mkate wa kumimina mezani na kisu pembeni. Khairiya aliukata vipande vinane sawasawa. Akauliza vipande viwili ni sehemu gani ya mkate. Nuha akasema mbili juu ya nane. Mama akasema ni moja juu ya nne. Wakabishana. Ikabidi wafungue kitabu, na kitabu kikasema wote wawili wako sawa. Khairiya akavitazama vile vipande. Miaka ishirini na tano hakuna aliyemwambia kwa nini ni kitu kimoja. Sasa aliona mwenyewe, na alifurahi waziwazi, akampa Nuha kipande na yeye akala kimoja. Baada ya hapo walisoma hadithi kwa sauti, wakaandika maneno kumi, wakachambua sentensi tano. Mwisho wakasoma juu ya kazi ya baraza la mji.

Abdulhafidh aliporudi kutoka kazini alilitaka daftari kabla ya chakula. Alikagua ukurasa mmoja mmoja, tarehe na yote. Kisha akasaini nakala mbili za barua, wakaingia garini wote watatu. Walifika shuleni zikiwa zimebaki dakika ishirini ofisi ifungwe.

Karani alisoma barua. Akasema anahitaji sentensi moja zaidi, kwamba masomo matano ya sheria yatafundishwa. Nuha alimsaidia baba yake maneno, baba akaandika palepale dirishani, kwenye nakala zote mbili. Marguerite alikuwa amewaambia waombe nakala moja irudi na alama ya kupokelewa. Wakaomba. Karani akavuta droo, akatoa muhuri wa tarehe, akagonga mara mbili, akampa Abdulhafidh nakala yake.

Abdulhafidh aliutazama muhuri ule muda mrefu kidogo. Msomaji asije akakosea, haukuwa wa ruhusa. Ulionesha siku ambayo barua ilipokelewa, basi. Barua pepe iliyohifadhiwa ingefanya kazi ileile, au barua ya rejista. Lakini bwana yule alirudi nyumbani anatabasamu peke yake, na mkewe akamwacha atabasamu.

Simu za mashine zilikoma. Zile siku tisa hazikufutwa, ila hazikuongezeka. Mahakama haikuita mtu. Abdulhafidh alimweleza Mansour yote, na siku hizi mtu akimwuliza habari hizi humwuliza kwanza anaishi jimbo gani. Kisha humwambia aangalie sheria ya sasa, maana sheria hubadilika.

Kazi ya nyumbani haikuwa nyepesi. Aprili Khairiya alichoka akataka kuacha. Sarufi ya Kiingereza ilimpita, ikabidi Carmel apande juu kila Jumanne kuwasaidia, naye Khairiya akamfundisha Carmel kupika biriani. Kuna siku Nuha alilia akautupa mfuko wa kalamu. Kuna wiki nzima waliyougua mafua, hawakusoma kitu, wakafidia Juni. Mwishoni mwa Julai Nuha alisoma ukurasa wa mwisho mbele ya Bi Lubna bila kufungua msahafu. Baba yake aliomba ruhusa kazini ili awepo. Alilia, na hakujificha.

Agosti walimpeleka Nuha kuandikishwa shule. Shule ndiyo huamua mtoto aliyetoka nyumbani aingie darasa gani, na ilimpa mtihani. Alipita hesabu vizuri sana, sarufi kwa shida kidogo, akawekwa darasa la sita pamoja na wenzake. Karani alikuwa mwingine. Alifungua daftari la kazi, akatoa nakala ya kurasa chache, akamsogezea Khairiya fomu. Palikuwa na mahali pa kusaini mwalimu wa nyumbani. Khairiya alipasoma mwenyewe, hakumpa Nuha amsomee, akasaini.

Nuha alipewa ratiba yake ya masomo. Jumatatu iliyofuata alitoka na begi jipya, akaingia basi la shule bila kugeuka nyuma. Khairiya alirudi ndani akasafisha meza ya jikoni, akafungua kitabu cha hesabu, akakifunga. Alifurahi kwamba mtoto amerudi shule na Kurani yote imo kifuani. Lakini saa saba mchana, wakati wa somo, hakukuwa na mtu wa kumfundisha. Aliteremka kwa Marguerite akamwuliza wapi hapa mjini watu wazima husomea cheti cha sekondari, na barua yake inaandikwaje.